Mlima Unaokua

3 Machi

Mwanangu Mkia,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako, ambaye bado yu hai, bado mbishi, na bado hasikii simu. Usinipigie. Ukipiga najibu ndiyo, ndiyo, kwa kila kitu, na mara ya mwisho nilijikuta nimekubali kung'olewa jino. Wewe andika, nikusome kwa raha zangu.

Nyumba haijambo. Imeanza tabia mpya. Alasiri, jua likifika kwenye dirisha la jikoni, milango mitatu inafunguka yenyewe, polepole, bila upepo wowote: kwanza wa kabati, kisha wa chumba chako, kisha wa mbele. Ni kama mtu mwenye adabu anapita. Siku hizi namwambia karibu, naendelea kukunja nguo. Beseni nalo limeamua kujaa maji upande mmoja. Nimelisema vibaya, halikujirekebisha.

Nimemaliza kupima mwinuko wa mji. Magoti yamenigomea, lakini mzunguko mzima nimeumaliza kwa siku tisa, darubini ya kupimia begani, jirani yetu fundi saa akinishikia ule ubao wenye namba. Kiwanda cha chumvi kilinistaafisha miaka sita iliyopita, ila hakuna aliyetustaafisha mimi na mlima. Mwaka huu mlima umekua milimita kumi na saba. Haujawahi kukua hivyo tangu nianze. Shule iliyo chini yake nayo imepanda, na watoto wanauchora mlima ukiwa na miguu. Nilipotangaza pale dukani watu walifurahi utadhani wao ndio waliourutubisha.

Na sisi wa mtaa wa chini, nyumba zote kumi na nne, sifuri. Hatujasogea hata unywele. Mshonaji alikuja na hofu kuhusu ufa wa ukuta wake wa nyuma. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha sifuri zake mwaka baada ya mwaka. Akashusha pumzi, na sasa anataka kuongeza chumba na kununua cherehani sita.

Kiwanda kinanguruma mchana kutwa. Wanasukuma maji ardhini kwa bomba moja, maji yanayeyusha chumvi huko chini, wanayanyonya kwa bomba jingine. Nikijinyoosha kidogo baada ya chakula, naota chumba kikubwa cheupe chini ya sakafu yangu, kina viti lakini hakina watu. Ni ndoto nzuri, siiogopi. Nakala ya daftari la mwaka huu iko ndani ya bahasha, kama kawaida.

Ni mimi shangazi yako

*

19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Daftari nimelipata. Nimelisoma kwenye basi nikapitiliza kituo.

Nikueleze ninachofanya huku, maana uliniuliza mwaka jana nikakupiga chenga. Nakaa kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka na kompyuta nne. Huko juu kuna setilaiti inayopita kila baada ya siku kumi na mbili. Inatuma mawimbi chini, yanagonga ardhi, yanarudi. Tukilinganisha safari moja na nyingine tunapata picha ya rangi: palipopanda panakuwa pekundu, palipotulia kijani, palipozama buluu. Siku nzima naangalia miji nisiyoijua ikipumua. Wakati mwingine nasahau kula.

Wiki iliyopita mkuu wetu wa kitengo alituambia kila mmoja achague mahali pa kujaribia. Nilichagua nyumbani. Nilitaka kuuona mlima wetu ukiwa mwekundu, nimwite kila mtu aje aone. Shangazi, mlima ni wa kijani. Daraja la mawe ni la kijani. Mtaa wa chini ni buluu, doa dogo lenye ukubwa wa ukucha, na nyumba yetu iko katikati yake.

Nilifikiri nimegeuza picha. Nikairudia mara tatu. Unamkumbuka yule mwalimu wangu wa chuo aliyecheka niliposema mlima wetu unakua? Nilimnunia muhula mzima. Nilimpelekea madaftari yako mezani na kumwambia kwamba shangazi yangu hajawahi kukosea. Hata leo nasema aliyekosea ni mimi na kompyuta yangu.

Ila nisaidie jambo moja. Ule msumari wa shaba kwenye nguzo ya daraja, alama ya mwanzo, bado ni imara? Urefu wote wa mji unahesabiwa kutoka pale. Ukishuka ule, wewe utaona kila kitu kingine kinapanda. Labda lori liligonga nguzo. Picha sijamwonyesha mtu yeyote.

Mkia wako

*

2 Aprili

Mkia,

Msumari wa daraja haujambo, unakusalimu.

Hizo mashine zenu ziko mbali sana na ardhi, ndiyo shida yake. Mtu hawezi kumpima homa mgonjwa akiwa juu ya mti. Mimi nimeipima kwa miguu yangu, na miguu yangu ina malalamiko mengi lakini haina uongo.

Huku kumetulia. Saa za ukutani za fundi saa zimekuwa zikisimama moja baada ya nyingine, zile zenye ulimi unaoning'inia, na amelaumu springi, vumbi, na mkewe. Sasa ameweka karatasi iliyokunjwa chini ya kila saa, na zinatembea. Mshonaji amemwaga msingi wa chumba kipya. Alasiri nilikaa kizingitini nikaangalia mtaa. Ulikuwa kimya, mweupe kwa jua, na nilihisi kama tumekaa kwenye kiganja cha mtu anayetushusha taratibu ili asituamshe. Nikaingia ndani nikachemsha chai.

Unakuja lini? Chumba chako kipo, mlango wake unafunguka wenyewe.

Shangazi

*

17 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Umejitia hamnazo, na unajua kwamba mimi najua. Barua yako ni fupi mno.

Nimetoa madaftari yote chini ya kitanda, yale uliyonitumia na yale niliyoondoka nayo, nikayapanga sakafuni. Kila mwaka, ukurasa wa kwanza, kuna safu ya daraja. Halafu kuna mwaka ambao safu hiyo haipo. Haijarudi tena, miaka ishirini na minne. Kila ukurasa unaanza na herufi M, na unarudi kwenye M. Mzunguko unajifunga bila kosa, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukuuliza, na hata mimi niliyesomea mambo haya sikuuliza. M iko wapi?

Kuna jambo lazima nilitamke na mimi, maana linaninyima usingizi. Mkuu anataka ripoti za kila mtu kabla ya mwisho wa Mei. Nimemwambia picha yangu ina kasoro. Haina. Nikiikabidhi, itakwenda idara ya maafa, na idara itauliza kwa nini miaka yote hii vipimo vya mji viliandika sifuri, na chini ya kila sifuri kuna sahihi yako. Kwa hiyo nimeikalia. Watu wa nyumba kumi na nne wako juu ya doa la buluu, na mimi nimelikalia kwa sababu nakuonea haya.

Niambie M iko wapi.

Mkia

*

3 Mei

Mwanangu,

M ni mlangoni. Ni kizingiti chetu, kona ya kushoto, ule msumari uliokuwa ukikukwaruza kisigino. Nilikuambia ni wa kufungia mbuzi, nawe ukaamini, ingawa hatukuwahi kuwa na mbuzi.

Mwaka ule mama yako alikuwa amezikwa wiki tatu. Kaka yangu alikuleta kwangu akaenda kutafuta kazi, akapata kazi, na mke, na akabaki huko huko. Ulikuwa na miaka minne. Ulishika sketi yangu kwa mikono miwili hata ukiwa umelala, ndipo mtaa ukakuita Mkia. Nikikuacha kwa jirani ulilia mpaka ukatapika. Kwenda darajani ni saa moja na nusu kwa mguu, kurudi vilevile, na kazi yenyewe juu yake. Nikatoboa kizingiti, nikapigilia msumari, nikauunganisha na ule wa daraja mara moja, kwa usahihi wote. Nikajiambia kuanzia leo nitaanzia hapa, na mara moja kila mwaka nitakwenda kuuhakiki. Nilipima nikizunguka mtaa na wewe ukiniangalia dirishani. Nilikuwa nikikupungia mkono kila nikisoma namba.

Mwaka mmoja uliugua surua. Mwaka mwingine ilinyesha. Baadaye ukakua, ukaenda shule, na mimi nilikuwa nimeshazoea. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo. Mlima ulianza kukua na watu wakaupenda, na mimi nikapenda kuwa mtu aliyewaletea habari hiyo.

Uliponiuliza kuhusu daraja nilijua jibu kabla sijafika mwisho wa sentensi yako. Nilikuandikia ile barua ya mzaha, kisha nikakaa wiki nne nzima nikiwa sina ujasiri. Juzi nimekwenda. Nilitumia siku mbili, fundi saa akishika ubao na kulalamika njia nzima. Tulipofika mlangoni nilisoma namba mara tano. Kizingiti chetu kimeshuka sentimita ishirini na nane. Mlima haujawahi kukua. Ni sisi tunaoshuka, mtaa mzima, pamoja, kwa upole, ndiyo maana kila tukitazamana tunajiona tuko sawa.

Na kiwanda kilikuwa kinasoma sifuri zangu kabla ya kuongeza pampu. Hilo nimelimeza, halijashuka.

Naomba kitu kimoja. Usiikabidhi picha bado. Nipe hadi mwisho wa mwezi. Nataka wasikie kutoka kinywani mwangu, kwa lugha yangu, si kwa mgeni mwenye kofia ya idara.

Shangazi yako

*

12 Mei

Shangazi,

Sikukupa.

Barua yako nimeipata leo asubuhi, pamoja na picha ya setilaiti ya safari ya jana. Kona ya mshonaji imeshuka milimita tisa kwa siku kumi na mbili. Mwaka mzima uliopita haikufika hapo mara mbili. Doa si buluu tena. Katikati limekuwa na weusi kidogo, na weusi ni pale kompyuta inaposhindwa kuelewa.

Nimeingia kwa mkuu bila kubisha hodi. Nimempa picha, madaftari, na barua yako, yote. Aliniuliza nimekaa nayo muda gani. Nikamwambia karibu miezi miwili. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta, akapiga simu mbele yangu. Aliuliza jina la mpimaji nikamtajia, na ikabidi nilitaje mara mbili, maana ni jina langu pia.

Nimempigia fundi saa mara nne. Anasema upo, unazunguka nyumba za watu, hakuna anayekusikiliza. Toka humo ndani, tafadhali. Acha sufuria, acha kabati, acha picha ya mama. Ukinichukia nichukie ukiwa upande wa shule.

Mkia

*

29 Mei

Mkia wangu,

Ninakuandikia kutoka darasa la tatu. Nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yangu yamefika masikioni.

Nianze ulipoishia. Siku moja tu baada ya kuposta ile barua, nilishindwa kuvumilia hadi mwisho wa mwezi niliokuomba. Nilipiga moyo konde, nikawakusanya uani kwa mshonaji. Niliwaambia kila kitu, msumari, daraja, sentimita ishirini na nane. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mshonaji akasema, "Mama Vipimo, miaka ishirini na minne umetuambia sifuri. Leo magoti yanakuuma, unatuambia tunazama?" Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akaniletea maji ya kunywa. Niliwafundisha kuniamini, na nilifundisha vizuri kupita kiasi.

Nilipita nyumba moja moja kwa siku tisa. Mwisho nikaacha kusema. Saa nne asubuhi, watu wote wakiwa nje, mimi na fundi saa tulibeba kitanda changu tukapita nacho katikati ya mtaa hadi uwanja wa shule. Nilikaa juu yake, juani, na kanga kichwani. Nyumba saba wakaja kabla ya jioni, shingo upande, wakinitukana kidogo. Nyumba saba hazikuja. Hao waliondolewa na watu wa idara tarehe kumi na sita, waliokuja na ile picha yako kubwa ya rangi wakaibandika kwenye mti. Kompyuta waliiamini.

Tarehe ishirini na moja, baada ya chakula cha mchana, mtaa ukaenda. Sikusikia kishindo, lakini mimi sisikii, na wanaosikia nao wanasema hapakuwa na kishindo. Niliona miti ya uani inashuka ikiwa imesimama, kama watu wanaoingia majini. Kisha vumbi jeupe. Kisha maji yakapanda kutoka chini, ya kijani, yenye utulivu mkubwa, na yakakaa pale nyumba zilipokuwa. Ilikuwa nzuri kutazama, Mkia. Naona aibu kuandika hivyo lakini ilikuwa nzuri.

Hakuna aliyekufa. Mshonaji alikuwa amewapita walinzi wa idara kurudia cherehani zake. Tatu alizitoa, ya nne ilimwangukia ukuta ulipolala, na mguu wake umevunjika mahali pawili. Hanisalimu. Nikipita anageuza kichwa, na mguu ule hauwezi kugeuka.

Sasa nisikilize. Nilikuomba hadi mwisho wa mwezi. Ungenipa, nyumba saba zingekuwa na watu ndani, wametoka kula. Nimewahesabu kwa sura: thelathini na mmoja, na wawili ni wachanga. Ulinikatalia, na ninakushukuru kwa kunikatalia, na iliniuma, yote matatu kwa pamoja.

Shangazi

*

9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama koridoni, nikaenda kukaa ngazini.

Kuna habari. Pampu zimezimwa zote, na kiwanda kimeitwa kujieleza. Mkuu ameyachukua madaftari yako na kuyahesabu upya kutoka darajani. Anasema kila namba uliyosoma ilikuwa sahihi, hakuna hata moja ya kubahatisha, kosa lilikuwa moja tu, mahali pa kuanzia. Ukilitoa hilo, ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo ya jinsi ule mtaa ulivyoshuka mwaka kwa mwaka. Kwa hizo namba wameona sehemu nyingine mbili karibu na kituo cha mabasi ambazo zimeanza vilevile. Wanazizungushia uzio wiki hii.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nawaza jambo moja tangu mwezi uliopita. Nilikushika sketi. Kama ningekuwa mtoto wa kukaa kwa jirani bila kulia, ungekwenda darajani kila mwaka, na ungeliona hili nikiwa na miaka mitano. Mtu mzima hawezi kujilaumu kwa machozi ya mtoto, najua. Lakini yalikuwa machozi yangu.

Watakuja kukuhoji. Waambie ukweli kwa nini uliihamisha alama. Mimi sitaona haya.

Mkia

*

20 Juni

Mwanangu,

Wamekuja, wawili, vijana wenye heshima, mmoja anaandika na mmoja anauliza. Walinikuta kwenye chumba nilichopewa nyuma ya ofisi ya shule. Kina dirisha moja na sakafu iliyo sawasawa. Bado sijaizoea. Usiku wa kwanza nilijiona kama nateleza kuelekea kichwani mwa kitanda.

Waliniuliza mambo mengi na nikajibu yote. Kisha wakauliza kwa nini alama ya mwanzo ilihamishwa kutoka darajani. Nikasema, uvivu. Kijana akainua kichwa, akauliza kama kulikuwa na sababu nyingine yoyote, ya kifamilia labda, maana ingesaidia. Inaonekana barua yangu kule kwa mkuu wako haikuwafikia hawa. Nikamwambia njia ilikuwa ndefu na mimi sikutaka kuitembea. Akaandika: uvivu wa mpimaji. Akanisomea, nikatia sahihi. Hiyo ndiyo itakayobaki kwenye jalada, na usithubutu kuisahihisha. Jina lako liko mara moja tu, pale waliposema nani alileta picha.

Watoto wa shule wameniuliza kama mlima utaendelea kukua. Nimewaambia hapana, umefika urefu wake. Wakaenda kucheza.

Kabla ya kuondoka yule kijana alifunga daftari, akaniuliza kama mtu tu, si kwa kazi, kama ningerudi siku ile, ningepigilia tena msumari mlangoni. Nikamjibu hapana. Nilifikiri mguu wa mshonaji, nikafikiri wale thelathini na mmoja, na nilisema hapana kwa moyo wangu wote.

Wewe usiniulize.

Shangazi yako